Harufu ya Nondo Jike

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima. Mama yako anaumwa magoti, ila ulimi haujambo kabisa. Viwavijeshi wamerudi. Kila nikifunua jani la hindi nakuta kiwavi kashiba kuliko mimi, na dawa ya kunyunyiza wameshaizoea. Baba yako mdogo anataka nimwachie shamba ajenge vyumba vya kupangisha. Nimemwambia angoje, binti yangu anapika dawa kiwandani. Uliahidi kuja mavuno, basi nisaidie yawepo.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole. Mimi sijambo, ila nanuka hamira hata nikioga. Ndiyo kazi yetu: hamira iliyobadilishwa vinasaba tunailisha sukari kwenye pipa la chuma, nayo inatoa harufu ya nondo jike, mama wa hao viwavi. Madume wakiisikia kila upande wanachanganyikiwa, hawampati jike, viwavi hawazaliwi. Nakutumia vifuko vyake. Vitundike bonde zima, siyo kwetu tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, Baba.

Mwanao

29 Machi

Marahaba, mwanangu. Tupo.

Majirani niliwaeleza habari ya harufu ya jike wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi baiskeli akauliza kama ipo ya binadamu. Nikakasirika, vyote nikavitundika kwetu, vimebanana kama nguo kwenye kamba. Viwili nilivisahau mfukoni. Jioni madume wakanifuata hadi sebuleni, mama yako akasema hatimaye nimepata wachumba. Tulicheka sana. Lakini leo nimefunua majani nikakuta mayai, mwanangu, mayai tele. Sielewi.

Baba yako

11 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, nikalia. Majike wanapandwa kwa majirani, kisha wanaruka kuja kutaga kwetu. Harufu ile haiwazuii wao. Ndiyo maana nilisema bonde zima. Na vifuko vingine sina: pipa liliingia uchafu, likamwagwa, na wenye kiwanda wameacha kazi hiyo. Mimi nimebakizwa kuosha mapipa, likizo hakuna. Usipande tena, nakuomba.

Mwanao

2 Juni

Marahaba, mwanangu.

Mama yako sasa hainuki kitandani bila kushikwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo. Barua yako ilikuta nimeshapanda. Viwavi wamekula hadi kiini cha mche. Baba yako mdogo ameshamwaga mchanga wa kujengea pale pale.

Katika vile viwili vya mfukoni nilibakiwa na kifuko kimoja, nimekitundika mlangoni. Nondo wanakuja, wanazunguka, hawamkuti mtu. Nawaonea huruma, maana na mimi mbwa akibweka tu natoka kuangalia kama ni wewe. Mavuno hayapo, usiyangoje. Njoo hivyo hivyo.

Baba yako

30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo huko? Hii ni ya tatu sijapata jibu. Kuta za vyumba zimefika madirishani. Mama yako anakuulizia, namwambia uko njiani. Kifuko kimekwisha harufu, nondo wameacha kuja. Sijakitoa.

Baba yako