Baba, Gari Lako Lilikuwa Linagoma Kuingia Gia ya Tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu kwenye gereji moja hapa Manzese, na nikwambie mapema: gari lako limetaka kunitia wazimu.

Wiki nzima sijatulia. Ukiweka D linanyamaza kama halijasikia, halafu linaingia gia kwa kishindo mpaka shingo inacheza. Ya pili inakubali kwa manung'uniko. Likitaka kupanda ya tatu, injini inalia tu, gari haliendi. Juzi natoka nyumbani kwangu Bunju, malori nyuma yananipigia honi, mie nimekumbatia usukani nalibembeleza, "Twende basi, twende!" Ungeniona ungecheka.

Baba mdogo hacheki. Ameshapata mtu wa kulinunua alikate, auze spea, na mtu mwenyewe anakuja Jumamosi. Mama kanyamaza. Mama yule yule aliyepiga kelele nusu ya Mbagala ikasikia, siku ulipolileta: "Mwanaume mzima na kiinua mgongo chake, anakwenda kununua gari la waziri! Tutakula viti vya ngozi?" Wewe ukamfungulia mlango wa nyuma, ukainama, "Karibu, mheshimiwa." Akapanda huku amenuna, akakaa humo mpaka magharibi.

Siku hizi hagombani na mtu, na najua kilichomnyamazisha. Ni leso yako nyeupe. Niliikuta kwenye mfuko wa mlango wa dereva siku ya pili ya msiba, ina madoa mekundu yaliyokaukia. Daktari alishasema ni moyo, ulisimama ghafla. Lakini tulipoiona ile leso tukasema, kumbe mzee alikuwa anakohoa damu, akatuficha. Nilikukasirikia, baba. Nakuombea dua huku nimekukasirikia. Mama yeye alijigeukia mwenyewe. "Nimelala naye kitanda kimoja, sikumsikia hata akikohoa. Mke gani mimi?" Kila siku ni hilo hilo. Nikaichukua leso nikaificha kwenye pochi yangu, nikidhani atasahau. Hajasahau.

Basi nikaamua angalau gari lisikatwe. Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta yake, akaitazama, akatangaza, "Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Hata kuinama chini ya gari hakuinama! Leo nikaja kwa huyu wa Manzese, anaitwa Shabani. Akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakitazama huko huko mbele. "Oili imejaa, sista. Tatizo liko ndani. Tushushe giaboksi."

Nilishafungua mdomo niseme haya. Ndipo nikakumbuka Jumapili zetu kabla sijaolewa. Mie kwenye kiti chako, nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote, wewe huko mbele umefunua boneti, sikuoni, nakusikia sauti tu: "Zungusha gia, mama. P, R, N, D. Taratibu! Unakimbilia wapi?" Nikirudisha P, unaniambia, "Usizime!" Ndipo unapima. Ukanipachika na jina, Bi Breki, mpaka majirani wakalidaka.

Nikamwambia Shabani, "Washa gari ndiyo upime."

"Sista, oili inapimwa gari limezimwa. Hilo kila mtu anajua."

"Hiyo ya injini. Ya giaboksi baba alikuwaga anapima injini inaunguruma, tena ishapata moto."

Akawatazama wenzake. "Haya, tumridhishe mwenye gari."

Nikapanda, nikakanyaga breki, nikazungusha gia moja moja kama ulivyonifundisha. Shabani akachomoa kijiti. Halafu nikasikia, "Mh!" Kilikuwa kimelowa ncha tu. Kumbe gari likizimwa oili inashuka yote chini na kukudanganya kuwa imejaa. Akalala chini ya gari, akakuta paipu inavuja.

Alitaka kupima tena ahakikishe. "Nipe kitambaa safi kisichoacha nyuzi, sista. Uzi ukidumbukia humo ni balaa jingine." Nikampa leso yangu. Akafuta kijiti, akanirudishia.

Baba. Oili ya giaboksi ni nyekundu.

Miaka yote ile nimekanyaga breki na sikuwahi kuiona, boneti ilinikinga. Nikaitoa leso yako kwenye pochi, nikaitandaza juu ya gari kando ya yangu. Mistari ile ile, upana ule ule wa kijiti, rangi ile ile, yako imefifia tu. Nikaangua kilio pale pale, mafundi wakaacha kazi. Maskini Shabani, "Jamani, mie nimefuta kijiti tu!"

Hukutuficha kitu. Ulikuwa unapima oili. Sijui nani alikukanyagia breki nilipohamia Bunju, labda uliweka jiwe kwenye tairi. Nisamehe kwa zile hasira, lakini na wewe, jamani, leso nyeupe?

Paipu imebadilishwa, oili imejazwa, tumelijaribu barabarani. Ya tatu imeingia kimya kimya. Shabani anasema tulisikilizie, huenda limeshaumia ndani. Nami nalisikiliza, roho juu. Ila Jumamosi yule mtu wa spea atarudi mikono mitupu, na baba mdogo tutamalizana naye.

Sasa naondoka. Mama sijampigia, jambo hili si la simu. Naliendesha mwenyewe mpaka Mbagala, nitamwekea leso zote mbili mapajani, aziguse, azinuse. Halafu nitamwambia: mama, hukumsikia akikohoa kwa sababu hakukohoa.

Pumzika, baba. Nimeacha kukugombeza.

Binti yako,
Bi Breki