Kiti cha Nyuma ya Dereva

Jumatatu, 4 Machi
Tumehama! Vyumba viwili na ua. Binti yangu kakimbia mpaka kaanguka, akacheka. Kule tulikotoka ukuta ulikuwa na ukungu na kifua chake hakikupumzika. Kodi hapa nafuu. Ubaya ni umbali — natoka kukiwa giza totoro kulifuata basi la wanafunzi ninaloendesha. Mke wangu anasema nitazoea. Haya.

Jumanne, 19 Machi
Sijazoea. Nasinzia nimesimama, kama punda. Nikirudi, mtoto kalala. Lakini kifua kimya! Nimetega sikio mlangoni. Hakuna mluzi.

Alhamisi, 21 Machi
Leo nimelala. Si kusinzia — kulala, basi linatembea, watoto wanaimba nyuma. Matroni wa basi kanigusa bega: dereva, mbona umepitiliza kituo? Nikamtania kwamba nawaza mke wa pili. Akacheka. Mimi jasho chapachapa. Sikumbuki kuvuka daraja. Daraja zima.

Ijumaa, 22 Machi
Nilitaka kumwambia mke wangu. Nikamkuta anaanika nguo, anaimba. Lini mara ya mwisho aliimba? Nikisema, tunarudi kwenye ukungu. Nikisema kazini, kazi sina. Nikachukua nguo, nikamsaidia kuanika. Nitakuwa natembea na pilipili mfukoni, nitafune usingizi ukija. Naogopa.

Jumatatu, 25 Machi
Tena. Kidogo tu. Nadhani kidogo.

Jumatano, 27 Machi
Nimepokelewa nyumbani kwa vigelegele. Mwalimu mkuu wa shule ninayoendeshea basi kakubali — binti yetu atasoma pale, atapanda basi langu. Mama yake kashamchagulia kiti: nyuma ya dereva, baba akuone.

Hapana, nikasema. Lilinitoka tu.

Wakanitazama wote wawili. Nikasingizia barabara. Mke wangu akashangaa: mbona watoto wa wenzio unawabeba kila siku?

Nimeingia chooni nikakaa. Watoto wa wenzangu. Kweli nimewabeba.

Alhamisi, 28 Machi
Niko kwenye usukani, uwanja wa shule, hatujaondoka. Nimekuja naye. Kwenye daladala alisinzia njia nzima begani kwangu, na mimi nikasinzia juu ya kichwa chake. Sasa yuko hapo nyuma, sare mpya, kalala tena, mdomo wazi. Anapumua vizuri.

Pilipili imebaki kwenye suruali ya jana.

Matroni anauliza naandika nini, watoto wanasubiri vituoni. Anauliza mbona siwashi gari. Ufunguo ninao mkononi. Namwambia matroni: mama, njoo kwanza ukae hapa, nina neno —