Mdomo Wangu Umemkimbiza Binti Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wa kuufunga mdomo wangu, na usicheke, maana wateja wangu wameshacheka kwa niaba yako. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba lakini nimezaa akili, mtoto wangu ni mmoja tu, wa kike, yuko mwaka wa mwisho chuoni anasomea kazi ya kuwarudisha watu waliopooza, yaani anamshika mzee ambaye mkono wake umelala anamfundisha kufunga kifungo upya, mara mia, mara mia mbili, mpaka ubongo unajitafutia njia nyingine ya kufikisha habari mkononi, na hayo sijayasoma popote, ameniambia mwenyewe kwa simu nami nikawaambia wateja wote wiki hiyo hiyo, hata yule aliyepita tu kuchukua suruali ya mumewe na teksi inamsubiri nje.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Mtu akisema mwanawe ana homa, najibu kwamba binti yangu hajaugua tangu aanze chuo. Mtu akisema mvua imezidi, namwambia binti yangu ana mwavuli. Juzi juzi nilimkatia mteja mmoja mnene gauni kwa vipimo vya binti yangu, kwa sababu nilikuwa namsimulia habari zake huku nakata, na mama wa watu alipolijaribu likamnasa mabegani, ikabidi tumtoe watu wawili, mimi na msusi wa chumba cha pili, na hata akiwa bado amenasa humo ndani nilimwambia kwamba binti yangu lingemkaa vizuri.

Sasa sikia nilichokifanya. Kabla ya mtihani wake wa mwisho nilishona makoti mawili meupe ya kazini nikayaning'iniza dirishani ili wapita njia waulize, na walipouliza nikawaambia ameshafaulu, maana kwangu mimi binti yangu kufanya mtihani na kufaulu ni kitu kimoja. Wiki tatu zilizopita akaja mteja ambaye mpwa wake anasoma chuo hicho hicho. Nikawa nimepiga magoti nampima pindo, akasema, "Pole fundi, kwa mambo ya binti."

"Pole ya nini?"

"Ule mtihani wa vitendo. Si ndiyo anarudia mwezi ujao?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni, mshauri, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nisiongeze neno. Alipotoka tu nikampigia mwanangu nikamuuliza kwa nini nisikie kwa mteja.

"Mama, ukijua wewe wamejua wote," akasema. "Makoti bado yako dirishani?"

Nikajibu yapo.

"Nawafundisha watu wa miaka sabini kushika kijiko upya. Wewe una hamsini na sita, mama, unashindwa kujifunza neno moja tu likae kwako?"

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, ananiandikia tu "niko salama mama", basi. Makoti nimeyatoa. Nimejaribu kukaa na pini mdomoni kutwa, wateja wakauliza fundi leo umenuna nini, nikazitoa ili niwaeleze kwamba binti yangu ndiye aliyesema ubongo wa mtu mzima unabadilika. Siku moja nilimaliza kutwa nzima sijamtaja, nikafurahi mpaka jioni nikaenda kwa msusi kumwambia kwamba hakuna mama anayeweza kunyamaza kama mimi, na kwamba nguvu hiyo binti yangu kairithi. Je, kwa umri huu kichwa bado kinapindika au nimeshakauka? Maana hata niliponunua cherehani ya umeme mguu wangu uliendelea kukanyaga kwa kasi ile ile ya zamani miezi miwili, nguo zikawa zinanikimbia. Mwanangu anarudia mtihani baada ya wiki mbili na sitaki auendee peke yake kama hana mama.

Wako, Mama Daktari
(ndivyo kibao cha mlangoni kinavyosema, ingawa kazi anayosomea si ya udaktari)

JIBU

Mama Fundi, nakuita kwa kazi yako kwa sababu hilo jina lingine si lako.

Umeniomba dawa ya kuacha kumsifu binti, na ulianza kumsifu kwenye sentensi ya pili. Nimekupa pole hapo hapo. Simu ya mtoto wa pekee isiyopokelewa inauma, na hilo sitalifanyia mzaha. Lakini kosa ni lako, mama yangu. Umemsifu mtoto mpaka amekosa mahali pa kushindwa akiwa bado mwanao.

Unauliza kama umekauka. Mbona jibu umeliandika mwenyewe ukalipita? Mguu ulikusumbua miezi miwili. Na mwezi wa tatu je? Hukuufunga kamba. Uliupa njia nyingine ya kukanyaga, ukairudia kila siku, na ile ya zamani ikaota majani. Mdomo wako nao una njia yake: mteja akisema "mwanangu", wewe unasema "binti yangu". Umeipita miaka ishirini, imeshakuwa lami. Pini hazisaidii kwa sababu zinauacha mdomo bila kazi. Upe kazi. Mtu akitaja mtoto wake, muulize swali juu ya huyo mtoto. Akijibu, muulize la pili. Utateleza, tena sana. Utauliza homa ilianza lini kisha utamleta binti yako. Usijitukane, rudi kwenye swali la mwenzako. Yule mzee wa kifungo hakufanikiwa mara ya nne. Na usihesabu siku ulizofaulu, maana utaenda kumtangazia msusi.

Kuhusu binti, usimpigie umsomee hotuba ya msamaha, najua utaishia kumsifu kwa moyo wake wa kusamehe. Mwandikie machache: nimekosea, makoti nimeyatoa, habari za mtihani sitakuuliza. Kisha kaa kimya kweli. Siku atakayopiga, msikilize. Akikuambia anaogopa, usimwambie hakuna wa kumshinda, mwambie, "Nakusikia mwanangu." Na neno hilo atakalokupa lilale kwako hata likikuwasha ulimi, kwa sababu kwa hilo moja ndipo atakapojua kama akupe la pili.

Kibao kishushe leo. Na kesho mteja wa kwanza akikuuliza, "Binti hajambo?", jibu, "Hajambo," kisha mwambie ageuke umpime mgongo.