Hakuna wa Kumwambia Kwamba Nimepona

Mke wangu Koburungo,

Nakuandikia nikiwa hapahapa nyumbani kwetu Nyaishozi, ingawa kaburi lako liko kibanjani, kwenye migomba yetu, karibu na mlango. Kukwambia kwa sauti naogopa majirani.

Unakumbuka tulipokuwa tukialikwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi? Pombe ikikolea, wanaume wakiinuka pamoja kwenda kukojoa migombani, wewe ulipaza sauti kutoka kwa wanawake: "Baba we, njoo nyumbani, mbuzi amekata kamba!" Mbuzi gani, nasi hatukuwa na mbuzi! Watu wakacheka kwamba nimekaliwa kichwani na mke. Ulikubali kuitwa mwanamke wa kelele ili mtu asijue kwamba mumeo huchuchumaa, kwa kuwa alizaliwa na tundu la mkojo chini ya uume, mbali na ncha. Hata shangazi yangu alipokuhoji asubuhi ya kwanza ya ndoa, ulimjibu, "Mume ninaye," ukaendelea kufagia.

Wewe ndiye uliyesikia kwamba daktari wa misheni hutengeneza hata watu wazima. Tukapanda lori la kahawa. Alinipasua mara ya kwanza kuunyoosha uume uliokuwa umepinda, akasema kovu likilainika nirudi, anitengenezee njia ya mkojo kwa ngozi yangu mwenyewe. Ulinipikia uji, ukawachekesha wagonjwa wodi nzima. Kabla sijarudi, homa ikakuchukua.

Nilirudi peke yangu. Wenzangu waliletewa ndizi na wake zao. Mimi nililishwa na dresa, yule mfunga vidonda wa wodi. Nililala na mpira wa mkojo, nikiuma shuka kwa maumivu. Mpira ulipotolewa, nilikwenda nyuma ya wodi nikasimama. Mkojo ukatoka mbele, moja kwa moja. Nililia, Koburungo. Nikageuka nikuite, nikaona ukuta.

Siku hizi pombeni nainuka na wanaume wenzangu. Hakuna anayestaajabu, maana hakuna aliyejua. Nyumba imekuwa kubwa mno, na ninakukosa sana.

Jana shangazi alikuja. "Mwanangu, moto wa jikoni utauwasha mwenyewe mpaka lini? Kuna binti kule Omurushaka, mtulivu."

Huenda nikamwoa. Mtoto tulimtamani wote wawili, na daktari anasema sasa inawezekana. Lakini naogopa siku atakaponitazama. Ataona mume kama waume wengine. Atadhani nilizaliwa hivi, wala hatajua ulivyonisitiri.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo