Viini vya Mayai ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama, na kuku wako pia, maana siku hizi nao wamekuwa ndugu. Huku tunaendelea. Mama anakula vizuri, miguu haimsumbui, na utani haujampungua. Jana alimwambia jirani kuwa anaimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Trei zako za mayai zinafika bila kuvunjika. Ulizituma kwa ajili ya macho ya Mama, na habari yenyewe iko hapo. Juzi nilimpeleka kliniki. Daktari wa macho alimchungulia, akasema lile doa la jicho la kushoto limekua. La kulia bado lina nafuu. Nikajitia kimbelembele, nikamwambia daktari kwamba Mama hakosi yai kila asubuhi. Akafurahi. Akatueleza kuwa yai si dawa na halirudishi kilichokwisha kupotea, ila kile kiini cha njano kina virutubisho vinavyosaidia kulinda sehemu ya nyuma ya jicho, hasa kikiliwa na mboga za majani. Kisha akauliza Mama anakipenda kiini kigumu au laini.

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Mama hajaonja kiini tangu trei yako ya kwanza. Mteja mmoja aliniambia pale saluni kwangu kwamba mtu mzima anatoshwa na ute, nami nikaamini haraka kwa sababu ilinifaa. Ute nilimkaangia Mama. Viini nilivikoroga na mafuta, nikawapaka wateja vichwani. Nywele zao zinang'aa, saluni inajaa, na mimi nikajiona mjanja.

Nikiwa bado nimeinamia sakafu, Mama alimjibu daktari kuwa kiini hakili na kosa ni lake mwenyewe, kwamba kiini kinamtia kichefuchefu na mimi humbembeleza mpaka nachoka. Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akasema macho yamepungua lakini pua anayo. Kila mteja aliyepita karibu na kiti chake pale saluni alinuka yai. Alijua siku zote. Alinyamaza kwa kuwa alisikia kicheko changu kimerudi tangu kazi ichangamke, akaogopa kukizima.

Naona aibu, dada, aibu ya kunifanya nile nikiwa nimempa mgongo. Sijui kama viini vile vingelisaidia jicho lake, na hata daktari hawezi kujua. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Sasa anakula yai zima pamoja na mchicha, na kliniki haturuki hata siku moja. Ukiamua kunigombeza, nigombeze, sitajitetea.

Nimemsomea Mama barua hii yote. Alitaka nifute habari ya viini, nikuandikie tu kwamba mayai yako ni matamu. Nikakataa. Akanyoosha mkono mezani autafute wangu. Akaukosa, akapapasa tena.

Anakusalimu sana. Wabusu watoto, na shemeji mpe heshima zangu.

Ni mimi, kitindamimba wenu.