Kipuli cha Shomari

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani, kifua kimetulia. Mimi mzima. Baridi ya Uingereza imenipasua midomo tu, na masomo ya uuguzi yanaendelea vizuri.

Umenieleza kwamba kichomi kimemrudia Shomari wa dada Mwanaidi, sikio linatoka usaha tena, na mama mkwe wa dada anasema dada ana nuksi. Tena mmemtoboa mtoto sikio la pili, lililo zima, mkamvika kipuli, ili kifo kimdhanie wa kike. Nikawa kama naisikia sauti ya dada akitania: "Akitaka na kanga, tutamfunga."

Kisa hicho nilimsimulia daktari wa wodi yetu ya watoto. Alicheka, kisha akaniuliza:

"Kwa nini wa kike?"

"Kwa sababu kwetu wa kike hawafi wadogo."

Nikamtajia kaka zangu wawili waliofariki wadogo, na yule mjomba ninayemjua kwa jina tu. Akavuta kiti akakaa.

Mama, anavyoona yeye, hiyo si nuksi wala kijicho. Ni maradhi adimu ya kurithi. Hupita kwetu wanawake bila kutuumiza, yakawaangukia baadhi ya watoto wetu wa kiume, damu yao ikakosa kinga. Huenda hata mimi nimeyabeba. Nimelifikiria hilo sana, wala halinivunji. Hayaondoki, lakini ipo sindano ya kila mwezi. Hapa namchoma mvulana mmoja aliyeletwa amebebwa. Sasa akiniona hukimbia.

Sikufichi: dawa hiyo hutokana na damu ya watu. Najua huko kwetu Zinga watasema, "Zuhura kawa mumiani, anatafuta damu ya kunyonya." Waambie nimewaona wanaoitoa. Hujilaza, hutolewa kidogo, hunywa chai, huenda zao kazini. Nami nilijilaza nikatoa yangu. Chai yao haina hata iliki.

Daktari amemwandikia mwenzake wa Dar es Salaam, naye amekubali kumpima Shomari na kumtibu. Dada ampeleke kabla ya masika, kichomi kisije kikatutangulia. Liseme wewe, Mama. Shemeji hukusikiliza kuliko anavyomsikiliza mama yake.

Nisalimie baba, shangazi wa vitumbua, na dada mwenyewe. Mwambie hana kosa. Shomari mpakate kwa niaba yangu. Kipuli msimvue. Nimeagiza daktari wa Dar amtambue kwa hicho.

Mwanao anayekuombea,
Zuhura