Skafu Niliyokosea Rangi

Baba watoto,

Mimi na wanao hatujambo, baridi imepungua. Jumamosi timu yetu ya taifa ilicheza huku ugenini, nikaenda uwanjani na wenzangu tunaofua nao mashuka ya hoteli. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Wakati wa mapumziko, skrini kubwa ikaonyesha mashabiki waliosafiri na timu. Nikaiona skafu niliyokufumia, ile niliyopindua rangi za bendera. Ilikuwa shingoni mwa mwanamke, na mkono wako begani kwake. Wewe uliyeniambia homa imekulaza kitandani!

"Nani kafuma kituko kile?" wenzangu wakauliza. Nikacheka nao.

Sweta nililokuwa nikikufumia nimelifumua. Uzi umetosha soksi za watoto, na safari hii rangi sikukosea.

Ni mimi, mama yao.